Kidonge, Balungi na Mikono ya Wifi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema, usije ukanishangaa mbele. Nimeuza mafuta ya mawese katika soko la Kikula, hapa Likasi, tangu mwanangu Saidi hajaota meno, na biashara hiyo haitaki mtu mwenye moyo mweupe. Bidoni, yaani dumu la mafuta, ikifika sitazami rangi. Natia kijiti mpaka chini, nanusa, naonja, kisha namtazama usoni aliyeileta. Wapo wanaotia maji, na wapo wanaopondea ndizi mbivu humo ndani ili mafuta yaonekane mazito. Mume wangu, Ramazani, husema hata malaika akinishushia riziki nitamuuliza kwanza ameitoa ghala gani. Na aseme tu. Sijawahi kuuziwa maji.

Kama nawe umeambiwa damu yako ina mafuta, ukapewa vidonge vya kumeza kila siku, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sasa natembea. Nakwenda sokoni kwa miguu yangu na kurudi. Lakini kuna kiangazi kizima, mwishoni mwa miaka ile ya tisini ambayo sote tunaikumbuka kwa njaa yake, nilikuwa nabebwa kupelekwa msalani, na watu wenye akili zao walikuwa wameshakubaliana ni nani aliyenifanya vile.

Mambo yalianza na madoa. Kwenye kope zangu za juu, upande wa pua, yalitokea madoa ya njano, yamevimba kidogo, hayaumi wala hayawashi. Mama yangu alikuwa nayo. Kaka yangu Juma alikuwa nayo. Kwetu tuliyaona ni alama ya ukoo tu, kama wengine walivyo na masikio makubwa. Juma alianguka Kakontwe akipakia mifuko ya simenti, akafa kabla hawajamvua viatu. Mama alikufa akipepeta mchele, ungo ukiwa mapajani. Kila mara tulimtafuta aliyewaroga, na kila mara tulimpata, maana anayetafuta mchawi hamkosi.

Msimu mmoja wa mvua nikabanwa kifua sokoni. Nilikuwa nainua bidoni, nikahisi kama mtu ameniwekea goti hapa katikati, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Likapita. Likarudi kesho yake. Nikamfikiria Juma na viatu vyake, nikaogopa. Ramazani akanipeleka hospitali.

Ramazani alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi. Nasema alikuwa, ingawa hakuna aliyemfukuza. Mshahara ulikuwa hauji, posho ya unga na samaki ilikuwa imebaki hadithi ya kuwasimulia watoto, lakini haki ya hospitali ilikuwa bado imeandikwa kwenye kadi yake. Ukifika na kadi unapokewa vizuri sana, unaoneshwa benchi. Bomba la sindano unakuja nalo wewe, glavu unakuja nazo wewe, na jenereta ya maabara ikiwa imekauka, mnachangishana wagonjwa wa benchi moja. Nilikaa pale asubuhi nyingi. Nilijifunza kuja na kitambaa cha kukalia, na kutokaa karibu na mlango, kwa sababu wa mlangoni hutumwa na kila anayepita. Mama mmoja wa Kambove, ambaye hata jina lake sikulijua, alikuwa akinigawia nusu ya kiazi chake kila tulipokutana. Hicho kiazi sijakisahau.

Majibu yalipotoka, daktari akaniita ndani.

“Mama, damu yako iko na mafuta mingi. Mingi sana.”

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. “Mafuta ya wapi, docteur? Mafuta minye nauzisha, hatuikule. Kwetu majani ya sombe tunaipika na mayi na chumvi.”

“Si mafuta ya mu chungu, mama. Ni ya mu damu.”

“Basi ile damu si yangu. Mulichanganya na ya muntu mwengine, tajiri.”

Hakukasirika. Alinisogelea, akanitazama kope, akauliza nani kwetu alikuwa na madoa kama haya, na nani kwetu alikufa ghafla. Hapo kicheko kikaisha. Nilimjibu, naye akatikisa kichwa taratibu. Aliniambia kuna watu huzaliwa nayo, hata wakila majani tupu, na mafuta hayo huziba njia za damu kidogokidogo mpaka siku moja moyo unakosa pa kupitisha. Dawa ipo, unameza kila siku, huachi. Ila kwao ilikuwa haipo.

“Kama muko na mutu Bulaya, mumwambie,” akasema.

Mtu Ulaya nilikuwa naye. Saidi, mwanangu wa kwanza, alikuwa Ubelgiji akifanya kazi ya kufagia viwanda huku akisoma. Alinunua dawa, ya kwangu na ya dada yangu mkubwa, Yaya Sakina, kwa sababu naye alikuwa na madoa yaleyale. Akampa mfanyabiashara mmoja mwanamke aliyekuwa akija kwa njia ya Zambia.

Sasa nikueleze jinsi dawa zilivyosafiri miaka ile, kwa sababu humo ndimo msiba ulimojificha. Pale Kasumbalesa, mpakani, watu wa forodha walikuwa hawapimi mzigo, walikuwa wanapima macho yako. Wakiona boksi zuri lenye maandishi ya Ulaya, wanajua ni kitu cha thamani na bei yao inapanda. Kwa hiyo kila msafiri mwenye akili alivua dawa nguo zake. Boksi anatupa, karatasi iliyomo ndani anatupa, anabaki na zile shiti zenye vidonge tu, anazisokomeza kwenye soksi za watoto. Sote tulifanya hivyo na sote tulijiona wajanja. Dawa yangu iliingia Likasi uchi, na maagizo yake yakaja kwa mdomo: kimoja kila jioni.

Unadhani nilimeza? Nilikata kidonge kimoja katikati, nikakinusa, nikakilamba. Nikamtuma Ramazani na shiti moja kwa daktari. Daktari akasoma jina lililo nyuma, akasema ni yenyewe, ameze. Akaongeza kwamba mwili ukianza kuuma bila sababu, au mkojo ukibadilika rangi, niache na nije siku hiyohiyo. Ramazani aliniletea maneno hayo mimi nikiwa nabishana na mteja juu ya kipimo. Niliitikia tu, nikaendelea na mteja wangu.

Mvua zote zilizobaki nilimeza na sikuona baya. Kifua kilitulia. Yaya Sakina naye, kule kwake mtaa wa Panda, alimeza na hakuona baya. Nikaanza kuiamini ile dawa, jambo ambalo si kawaida yangu.

Katika mvua hizohizo ndipo wifi yangu Aziza alipokuja kuishi nasi. Ni mdogo wake Ramazani, tumbo moja. Mumewe alikuwa mchimbaji Kambove, shimo likamfunika. Ndugu wa mume wakachukua hata masufuria, Aziza akaja kwetu na watoto wake wawili na kifurushi cha nguo. Sikufurahi, nasema kweli. Vinywa vitatu miaka ile havikuwa mchezo. Lakini Aziza alikuwa mchapakazi wa kunyamaza. Nikirudi sokoni nakuta bukari, ugali wetu, tayari, nyumba imefagiliwa, watoto wameoga. Mtu anayenyamaza sana hunitia wasiwasi, nikawa namtazama. Naye alijua natazama.

Kisha kikaja kiangazi, ambacho huku kwetu ni baridi na vumbi. Bomba za maji zikakauka mtaani. Zikitoa, zinatoa maji ya rangi ya kutu, na kipindupindu kilikuwa kinazunguka. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kampuni, ya zamani, na wazungu waliokaa humo walipanda mbalungi nyuma ya jiko. Wengine huita danzi la Kizungu, sisi tunaita pampelmusi. Kiangazi ndio wakati wake. Ule mti hauna huruma, unazaa mpaka matunda yanaozea chini. Na Likasi nzima inajua kwamba kitu kichungu hukata mafuta. Mzazi akinenepa anapewa balungi, mwanamume akila nyama ya nguruwe kwa wenzetu wakristo anafuatishia balungi. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa wazo. Nikamwambia Aziza: maji haya siyaamini hata yakichemshwa, jioni nikamulie pampelmusi, glasi kubwa, nimezee kidonge. Asubuhi nikamulie nyingine. Nilijiona nimempelekea adui askari wawili badala ya mmoja.

Baridi ilipokolea, mashavu ya miguu yakaanza kuuma. Nikasema ni baridi. Maumivu yakapanda mapajani. Nikasema ni bidoni. Siku moja sokoni nilitaka kusimama kutoka kwenye kigoda, miguu ikakataa. Sikuanguka, sikuteguka, iligoma tu, na jirani yangu muuza dagaa akaniinua akidhani natania. Wiki iliyofuata mikono haikuweza kufunga kilemba. Nikichana nywele, napumzika katikati. Ngozi ilikuwa ileile, sura ileile, lakini chini yake nyama zilikuwa kama zimepigwa na mchi usiku kucha. Mtoto wa Aziza alinirukia kwa furaha nikapiga yowe hata majirani wakatoka.

Hata hivyo niliendelea kumeza. Nilimeza kwa bidii zaidi, kwa sababu nilidhani mafuta ndiyo yanaziba mpaka miguuni.

Halafu mkojo ukawa mweusi. Samahani kwa kutaja, lakini bila kutaja haya yote hayana faida kwako. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyosahaulika motoni. Nilikitazama kile kibeseni, na kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba nakufa.

Ndipo Yaya Sakina akaja kunitazama. Yaya wangu ni mtu wa hoja. Angezaliwa mwanamume angekuwa wakili. Alikaa kitandani, akafunga mlango, akaanza kunihesabia kwa vidole.

“Kidonge, minye nakunywa kilekile. Kilitoka mu sokisi moja na cha kwako. Minye niko muzima?”

“Uko muzima.”

“Basi si kidonge. Pampelmusi, batoto banakunywa?”

“Banakunywa. Ramazani anakunywa. Aziza yeye mwenyewe anakunywa.”

“Beko bazima?”

“Beko.”

“Basi si pampelmusi.” Akakunja kidole cha pili. “Kunabakia nini, Mwavita? Kunabakia mukono tu.”

Mwavita ni mimi. Nilijua tangu alipoanza kuhesabu kwamba atafika pale, na bado alipofika mwili ulinisisimka. Nilitafuta tundu katika maneno yake kama ninavyotafuta maji kwenye mawese, sikuliona. Glasi yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengine, yenye ua jekundu, hakuna mwingine aliyeitumia. Mkono mmoja tu ndio ulioijaza.

“Na sababu?” niliuliza. “Juu ya nini aniue?”

“We ukikufa, hii nyumba inabakia ya kaka yake. Atakuwa mama wa nyumba. Alifiwa, anaona weye uko na bwana, uko na mutoto Bulaya. Wivu haiombake ruhusa.”

Nilitaka kwenda hospitali. Maneno ya daktari yalinijia sasa, lakini Yaya alisema sumu ya mtu haitibiwi na sindano, na hospitali yenyewe wauguzi walikuwa wamegoma wiki ile. Ramazani aliposikia alipiga meza hata taa ikazimika. “Aziza ni damu yangu!” Akaacha kula nyumbani kwa hasira, na kuacha kwake kula, watu wakakufasiri kwamba hata yeye anaogopa. Ndivyo shaka ilivyo. Hata anayeikataa anailisha.

Aziza aliambiwa na nani sijui. Jioni ile alileta glasi kama kawaida, akasimama mbele yangu, akainywa kwanza yeye mafunda mawili, makubwa, bila kuniondolea macho. Kisha akafuta ukingo kwa pembe ya kitenge chake, akanipa. Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila jioni. Bukari akionja, sombe akionja, maji ya kuoga akinawa uso kwanza. Na mimi, moyo wangu ulivyo, niliwaza: huenda amekunywa dawa ya kukinga. Nilimpenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, na sijui kama umewahi kuwa na hali hiyo na mtu anayekupeleka chooni mgongoni.

Alinibeba kweli. Mimi si mwepesi. Nilikuwa nimefunga mikono shingoni mwake, mashavu yetu yamegusana, nikisikia anavyohema, huku nikijiuliza kama ndiye.

Wakatuma habari kwa Saidi, kupitia watu wa simu ya redio wa Lubumbashi: mama anapewa sumu, njoo. Yaya Sakina akapanga kikao cha ukoo. Aziza angeapa msikitini mbele ya wazee, aape au asiape angeondoka na wanawe. Kwenda wapi, hakuna aliyesema. Kule Kambove kwa ndugu wa mumewe alikuwa ameshafungiwa mlango. Usiku nilikuwa nasikia wanawe wakimuuliza kitu chumbani, naye akijibu kwa neno mojamoja.

Saidi alifika kabla ya kikao kwa siku chache tu, amekonda, koti la Ulaya limejaa vumbi la njia ya Kasumbalesa. Alilia aliponiona. Yaya alimweka chini, akamhesabia tena kwa vidole: kidonge si, pampelmusi si, mkono. Saidi alisikiliza akiwa ameshika mguu wangu, akiubonyeza polepole, nami nikisaga meno. Jua lilikuwa linashuka. Aziza akaingia na sinia: kidonge kwenye kisahani, na ile glasi yenye ua jekundu imejaa. Akainua glasi aonje.

“Hapana!” Saidi akaruka. “Mama, usikunywe! Muache hiyo glasi!”

Glasi ilibaki hewani, karibu na mdomo wa Aziza. Yaya Sakina akasimama, mikono juu. “Munaona? Munaona? Hata mutoto wa Bulaya ameona!”

“Nimeona nini, tantine?” Saidi akamuuliza mama yake mkubwa. “Hii ni nini mu glasi?”

“Pampelmusi,” Aziza akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. “Nimeikamua sasa hivi. Haina kitu.”

“Hii njo anamezea kidonge? Kila siku?”

“Asubuhi na mangaribi. Tangu baridi ilianza.”

Saidi alikaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. Akashika kichwa. “Kule farmasi banatuambiaka: hii dawa na hii tunda, hapana, hata siku moja. Hii tunda inafunga mulango, dawa inaingia, haitoke. Kila siku inajazana mu mwili, inakula nyama ya miguu. Iliandikwa mu karatasi ya mu boksi! Karatasi iko wapi?”

Tulitazamana. Karatasi ilikuwa imebaki Kasumbalesa, mtaroni, pamoja na boksi lake zuri.

“Lakini minye nakunywa ile dawa,” Yaya akasema, chini chini.

“Kwako kuko muti wa pampelmusi?”

Kwake hakukuwa na mti. Kwake kulikuwa na kisima, alimezea maji.

Nilisikia watoto nje wakicheza. Kidonge peke yake hakikuwa na kosa, balungi peke yake halikuwa na kosa, na mkono haukuwahi kuwa na kosa hata siku moja. Nilimwangalia Aziza. Alikuwa bado ameshika glasi. Akaiinua, akainywa yote, mpaka tone la mwisho, taratibu, akatuangalia mmojammoja: Yaya, Saidi, Ramazani aliyesimama mlangoni, kisha mimi. Akaiweka glasi kwenye sinia, akaenda kuiosha.

Asubuhi Saidi alinipeleka hospitali kwenye mkokoteni wa muuza makaa, nimefunikwa blanketi. Mgomo ulikuwa umeisha. Daktari alipouona mkojo alinigombeza kwanza, kisha akaniwekea dripu, chupa baada ya chupa, akasema anazipigania figo zangu. Kuhusu balungi alisema hata yeye alikuwa hajalisikia, akamwomba Saidi amtumie karatasi ile akirudi. Nilimheshimu kwa kusema hajui. Aziza alilala sakafuni chini ya kitanda changu, kama desturi ya hospitali zetu, ambapo ndugu ndiye muuguzi. Alinipikia uji kwenye jiko la uani. Siku mkojo uliporudi kuwa wa rangi ya majani makavu, nilimwita aje auone, na tukacheka sote wawili juu ya kibeseni kama wendawazimu. Hiyo ilikuwa rehema kubwa kwangu, kicheko kile.

Nyama za miguu zilirudi polepole. Mvua za kwanza zilinikuta natembea nimeshika ukuta. Mvua kubwa zilinikuta natembea nimeshika bega la Aziza. Vidonge daktari alinisimamisha kabisa kwanza, halafu, damu ilipopimwa tena, akanirudishia kwa kipimo kidogo na kunitazama kwa karibu. Nilibisha. Nilimwambia nyoka huyo ameshaniuma, simrudishi nyumbani. Akanijibu kwamba kilichomwua Juma bado kimo ndani yangu, na kwamba mimi ninayejua kuuliza sana, niulize na hilo. Nikameza. Kwa maji.

Kwa hiyo wewe uliyepewa vidonge hivi, ufanye ushuku wako vizuri kuliko nilivyoufanya mimi. Usikubali dawa isiyo na karatasi yake. Msafiri akisema boksi litamponza mpakani, avue boksi, karatasi aikunje aitie kiatuni. Ukimwona daktari, usimwambie tu unavyokula, mwambie unakunywa nini, unameza na nini, umepewa majani gani na bibi gani, dawa gani nyingine umenunua sokoni kwa punje, hata kama ni ya kikohozi. Usimgawie ndugu. Miguu ikianza kuuma bila kazi uliyoifanya, au mkojo ukigeuka, usiende kwa mwenye hoja, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Na usiache mwenyewe ukakaa kimya nyumbani, maana ugonjwa huu haupigi hodi mara mbili. Mbalungi wetu, Ramazani alitaka kuukata. Nikamzuia, mti hauna kesi.

Yaya Sakina alikuja na kuku na kitenge kipya. Alimwomba Aziza msamaha kwa maneno mengi mazuri, kwa vidole pia, sababu ya kwanza, ya pili. Aziza alipokea kuku, akampika, akatupakulia sote. Mimi nami nilimwomba, kwa maneno machache, maana nilikuwa naona haya. Akasema yamekwisha. Nikaamini yamekwisha, kwa sababu nilitaka kuamini.

Mwisho wa mvua nilikwenda sokoni peke yangu na kurudi bila kushika kitu. Nilifika nyumbani nikiwa na jasho na furaha, nikamkuta Aziza amekaa kizingitini, kifurushi chake kimefungwa, watoto wamevaa viatu. Gari la Kambove lilikuwa linaondoka alasiri ile. Alikuwa amepata kibanda kule, atawapikia wachimbaji.

“Kambove na nani, Aziza? Baki. Hii ni nyumba yako. Minye nimepona.”

“Hiyo njo nilikuwa nangojea,” akasema. “Nilisema, kama ninaenda weye hujatembea, batasema nilikuacha ukufe.”

Nilimshika mkono. Nikamwambia mimi sikuwahi kumtaka aonje, sikuwahi kumwambia aape, ni watu. Hakuutoa mkono wake. Aliuacha humo ndani ya mkono wangu, akautazama pamoja nami.

“Mama Saidi, siko na kisirani wala kinyongo na weye,” akasema. “Lakini ninaenda pahali batu bananikulia chakula bila kuniangalia mikono.”